Insha Kuhusu Muthama

Jumatatu, 1 Septemba

Tumepata mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Othman, kutoka Kitui mjini. Ukoo wao ulitoka pwani zamani, kwa hivyo Kiswahili chake kinateleza na chetu kinakwaruza. Alituuliza istiari ni nini. Kidato cha tatu kizima kikatazama sakafu. Akasema muhula huu hatutakariri maana ya mbinu yoyote, tutaziwinda. Kila mmoja aandike shajara, asikilize watu wa kwao wanavyosema, anase tashbihi, istiari, chuku, tashihisi na nduguze wote. Nikauliza itakuwaje na sisi kwetu tunaongea Kikamba. Akasema, "Mbinu haina kabila, binti. Tafsiri uniletee."

Kwa hivyo mengi ya humu yamesemwa kwa Kikamba nami nimeyavalisha Kiswahili. Yakibana kwapani msinilaumu.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuna mvua, hakuna mbinu. Mama alisema leta maji. Susu akasema leta kuni.

Jumamosi, 6 Septemba

Nieleze kwetu kwanza, maana Mwalimu ndiye atakayesoma na hatujui. Tuko wanawake watatu kwenye mteremko wa Mbooni, juu kabisa, mahali pikipiki hukataa na abiria hushuka kusukuma. Susu Kavindu ni nyanya yangu, mama wa baba. Mumbua ni mama yangu. Mimi ni Nthenya. Wa nne ni baba yangu, Muthama, ambaye sijawahi kumwona. Nilipokuwa mdogo nikiuliza niliambiwa "Muthama hayupo," na kwa namna ilivyosemwa nilijua nisichimbe zaidi. Hakuna picha yake ukutani wala kaburi lake shambani. Nilijiambia alifia mbali, huko ambako watu hufia bila kurudishwa.

Lakini jina lake limejaa kila pembe. Kuna shamba la Muthama, mbuzi wa Muthama, mparachichi wa Muthama. Leo tulikuwa tunafukua mitaro kabla ya mvua, Susu akanyoosha mgongo akasema, "Tukimaliza hapa, Muthama atafurahi." Nikaacha jembe nikaandika kwenye kiganja: tashihisi?

Jumatatu, 8 Septemba

Mwalimu anasema si tashihisi. Tashihisi ni pale kitu kisicho binadamu kinapopewa tabia za binadamu, mfano njaa kubisha hodi au jembe kulalamika. Mtu aliyekufa bado ni mtu. Nikauliza, basi ni nini? Alikuna kidevu. "Tuiite taswira kwa sasa," akasema. Nimefurahi kuona hata yeye hajui.

Alhamisi, 11 Septemba

Mbula, ambaye nyumba yao iko chini ya yetu na dawati lake karibu na langu, ameleta tashbihi nyingi, zote kuhusu ng'ombe. Mimi sina.

Jumapili, 14 Septemba

Sasa ninayo moja. Baada ya ibada Bwana Kivuva alikuja kwetu. Ni fundi cherehani wa Kasikeu, mkewe alifariki, na kwaya yao ilikuja kutuimbia mwezi uliopita, yeye akiwa sauti ya nne. Alileta sukari na majani ya chai, akatoa utepe mfukoni akanipima sketi ya shule bila kuulizwa. Anacheka kama pikipiki inayokataa kuwaka. Hiyo ndiyo tashbihi yangu, na nimeiandika kwa roho mbaya.

Kilichoniudhi ni kwamba Mama alicheka naye. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, na kichwa nyuma. Susu hakutoka chumbani mpaka mgeni alipoteremka.

Jumatano, 17 Septemba

Mama alinikuta nikimenya viazi.

"Nthenya, Kivuva ameniuliza."

"Amekuuliza nini?"

"Wewe si mtoto."

Nikasema, "Na Baba?"

Akasema mchungaji amemwambia kwamba mbele ya Mungu yeye hana mume, yuko huru. Nikamwuliza mchungaji alimjua lini baba yangu. Nikaenda kwa Susu, nikamkuta ameshasikia, maana ukuta wetu ni mabati. "Mke wa Muthama hatoki hapa," akasema. "Nilipeleka mbuzi kwa hii mikono yangu mwenyewe."

Mimi niko upande wa Susu. Mtu akifa haifai kuachwa tu kwa sababu fundi wa Kasikeu anaimba vizuri. Ninaogopa pia, niseme ukweli. Mama akienda, jikoni tutabaki wawili tukitazamana.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumepewa insha: "Mtu wa Nyumbani Kwetu." Itumie mbinu nyingi za lugha, na iliyo bora itasomwa mbele ya darasa. Nitaandika kuhusu Baba. Ikisomwa nitaileta nyumbani nimsomee Mama, asikie ni mtu wa namna gani anataka kumwacha, aone haya. Ndiyo mipango yangu na sijali.

Jumanne, 23 Septemba

Susu alikuwa akichambua mbegu za maharagwe, nami nikakaa karibu na kalamu. Nikamwambia nataka kumjua Muthama. Alionekana kufurahi, hata akanisogezea kigoda. Nimeandika kila alilosema, na kando yake jina la mbinu, jinsi Mwalimu anavyotaka.

"Muthama hajawahi kunijibu vibaya." Chuku. Hakuna mtoto wa hivyo.

"Hajawahi kulia, hata siku moja." Chuku tena, tamu zaidi.

"Nilimbeba miaka mingi kuliko mwanamke yeyote wa hii milima." Chuku kubwa. Hapa nilitaka kushangilia.

Nikauliza ana umri gani, akasema, "Muthama hana umri." Nikaandika tafsida, kwa sababu watu hupunguza ukali wa kifo kwa maneno laini. Nikauliza anafanana na nani. "Leo anafanana na wewe. Kesho sijui." Hiyo ilinitoa machozi kidogo, nikaandika taswira na alama ya kuuliza.

Nani angedhani nyanya yangu ni malenga? Mimi nimeishi naye miaka yote nikidhani anajua kukemea mbuzi tu.

Ijumaa, 26 Septemba

Upepo na vumbi. Sketi imeletwa na mwenye pikipiki. Inanitosha vizuri sana na nimekataa kuivaa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tumepanda katika udongo mkavu, kama kila mwaka. Mama na Susu wanapanda mstari mmoja bila kusemezana, mmoja akichimba, mwingine akitia mbegu. Hawakosei hata shimo moja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepeleka insha. Mwisho wake niliandika maswali ya balagha: "Je, mwanamke aliyepata mume wa namna hii anatafuta nini kwingine? Je, sketi ni kitu?" Mwalimu atapenda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi, na leo sitaweka jina la mbinu kando ya chochote.

Mwalimu Othman aliingia na insha yangu mkononi, akasema ameisoma mara mbili nyumbani na kumsomea mkewe. Akaisoma kwa ile sauti yake ya pwani, na maneno ya Susu yakapendeza hadi nikaona aibu ya furaha. Kila akifika kwenye mbinu alisimama, akaiandika ubaoni. Hajawahi kulia: chuku. Nilimbeba miaka mingi kuliko mwanamke yeyote: chuku. Hana umri: tafsida. Akageuka akasema, "Mnaona? Huyu hakukariri. Huyu alisikiliza."

Mbula akainua mkono. Nilidhani anataka kunisifu.

"Mwalimu, lakini hizo si chuku."

"Ni nini basi?"

"Ni ukweli tu. Muthama hakuzaliwa."

Mwalimu akauliza ana maana gani. Mbula akaeleza kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. "Susu Kavindu hakupata mtoto. Kwa hivyo alioa mamake Nthenya, akamwolea kijana mwenye hakuzaliwa. Si hiyo ndiyo iweto? Hata kwa shosho yangu huko Kasikeu kuna nyumba kama hiyo." Akanigeukia. "Si ndiyo, Nthenya?"

Darasa halikucheka. Afadhali lingecheka. Wengine walitikisa kichwa kukubali, kwa sababu jambo lenyewe wanalijua, limo katika koo zao. Mwalimu alisimama na chaki akitazama ubao, chuku zangu zote zimepangwa pale kwa mwandiko mzuri. Akaniuliza taratibu, "Nthenya, ulijua?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikapitia langoni, nikapanda mlima.

Nilimkuta Susu mtaroni akikata nyasi kwa panga.

"Susu, Muthama alizaliwa wapi?"

"Nani amekuuliza?"

"Mimi ndio nauliza."

Hakuacha kukata. "Hakuzaliwa. Nani alikuambia alizaliwa? Umewahi kunisikia nikisema alizaliwa?"

Nikapekua kichwa changu, miaka yote, vyakula vyote tulivyokula pamoja, na sikupata. Hajawahi kusema alizaliwa. Hajawahi kusema alikufa pia. Kila alichoniambia kilikuwa hivyo hivyo kilivyo. Kufa nilimfisha mimi mwenyewe kwa kudhani, na chuku nilizitia mimi.

"Kwa hivyo ni uongo," nikasema, na nilisema kwa sauti.

Hapo ndipo alipoweka panga chini. "Uongo ni kitu mtu anaficha. Mimi nilificha nini? Ukoo wote walikula hiyo mbuzi." Akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Alisema mumewe alipokufa aliachwa bila mtoto, na nyumba isiyo na kijana hufungwa, jina likafutika, shamba likaenda kwa wengine. Akafanya kama shangazi yake alivyofanya. Akawaendea wazazi wa Mama na mbuzi wa ntheo, wale wanaofanya ndoa iitwe ndoa, akasema amekuja kumtafutia mwanawe Muthama mke. Muthama lilikuwa jina la babamkwe wake, ndilo ambalo kifungua mimba wake angeitwa.

"Hawakuuliza kijana yuko wapi?"

"Waliuliza nyumba iko wapi. Nikawaonyesha."

Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumshika mkono. Nikaenda jikoni kwa Mama.

Mama alikuwa akipepeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Aliponiona na sare saa za masomo alijua. "Nilifikiri unajua," akasema. "Watoto hujua. Hakuna mtu huwaketisha chini, wanasikia tu." Akasema yeye alikuja hapa kwa hiari, kwao walikuwa wengi na Susu alikuwa mpole, hajawahi kumpiga wala kumnyima. Nikauliza, basi mimi nilitoka kwa nani? Akajibu bila kuinua macho: kulikuwa na mtu wa Kanyangi aliyekuja kuchimba mitaro, akakaa msimu mmoja, Susu akijua, akaenda zake.

"Basi huyo ndiye baba yangu."

"Hapana. Huyo ni mtu wa Kanyangi. Baba yako ni Muthama."

Hata yeye! Yeye anayetaka kuondoka! Nikamwambia, kama kweli ni Muthama, unawezaje kumwacha?

Aliweka ungo chini. "Nthenya, nimekaa na mume mwenye hawezi kunikosea tangu nikiwa msichana. Hawezi kuchelewa. Hawezi kununa. Sijawahi kugombana na yeye hata siku moja. Wewe unafikiri hiyo ni raha? Nataka mtu mwenye anaweza kunikosea, halafu aniombe msamaha."

Nimeandika hayo jinsi alivyosema. Insha yangu ilisema mambo yale yale ili kumfunga hapa, na kumbe ndiyo yanayomtoa. Nina hasira, lakini sijui ni ya nani. Niliyezoea kumkimbilia kichwani nikikasirika ni Baba, na sasa sijui nimkimbilie nani.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikwenda shule. Joto.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwalimu Othman aliniita nje ya ofisi ya walimu. Aliomba radhi, jambo ambalo walimu hawafanyi, nikakosa pa kutazama. Alisema alikuwa amenipa alama kwa kila chuku, kisha akazifuta zote, na sasa hajui aweke nini mahali pake.

"Vitabuni ni rahisi," akasema. "Mhusika wa kubuni anaishi ndani ya kurasa. Huyu wenu ana shamba."

"Na mbuzi," nikasema.

"Na mbuzi."

Nikamwuliza kama mtu hakuwepo, mkewe ni mjane au ni nani? Alianza kutabasamu kisha akaacha. "Kwetu ningekutuma kwa kadhi," akasema, "lakini nadhani hata yeye angekuomba urudi wiki ijayo. Sijui, binti."

Alinirudishia insha bila alama. Mbula alinisubiri langoni, akilia. Alidhani najua. Kila mtu alidhani najua. Nikamwambia asijali, tukapanda mlima pamoja, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza habari za ng'ombe wao kwa makini.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shule imefungwa. Mwalimu anasema tuendelee na shajara. Wingu lilikuja likaenda.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua! Ilianza tukinywa chai. Mama na Susu walitoka wote wawili kuweka mitungi chini ya mabati, wakagongana mlangoni, wakacheka, kisha wakakumbuka hawasemezani.

Jumatano, 5 Novemba

Maharagwe yametoka ardhini. Susu anasema Muthama ana mkono mzuri wa kupanda. Nilikuwa na tonge mdomoni, nikalimeza zima. Sijui tena hilo ni nini. Si chuku, maana mbegu kweli zimeota zote. Si uongo, nimeshaambiwa. Nikajaribu kusema kimoyomoyo "Muthama hayuko" na nikaona maneno yenyewe hayasimami, kwa sababu nimekaa kwenye ua wake nakula maharagwe yake ya msimu uliopita.

Jumamosi, 8 Novemba

Kivuva alikuja kwenye mvua. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope la mteremko, akafika na soksi. Nilitaka kucheka na ilinibidi nikamletee maji ya kunawa. Mama alikuwa bado mtoni, kwa hivyo tukakaa sisi wawili barazani tukitazama maji yakishuka.

Baadaye akasema, "Nthenya, baba yako alipenda nini?"

Nilimgeukia kwa ukali nikidhani ananikejeli. Alikuwa ameshika kofia magotini, uso wa mtu anayeuliza njia. Ameshaambiwa kila kitu, na bado aliuliza hivyo.

Nikasema sijui.

"Mimi naogopa yeye," akasema. "Mke wangu alikuwa analalamika nakoroma. Mumbua hajawahi kusikia mtu akikoroma kwa hii nyumba. Atanifananisha tu." Akacheka ile pikipiki yake, lakini haikuwaka vizuri.

Sitaki kumpenda mtu huyu. Naandika hapa ili ijulikane kwamba sikutaka. Alipoondoka nilimpa gambuti zangu za zamani, na zilimbana, akashuka akichechemea.

Jumapili, 9 Novemba

Nilivaa sketi kanisani. Mama aliiona.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama ameniambia kaka yake atakuja Jumamosi ijayo na mbuzi mmoja, yule wa kukataa ndoa, mbui ya ulee. Ndivyo mke anavyotoka kwetu: watu wake wanaleta mbuzi kwa mume, mume akimpokea mbuzi huyo, yameisha. Akimkataa, mke ni wake. Mama amesema akikataliwa atabaki. "Sitatoroka kama mwizi. Niliingia kwa mlango."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtoto wa hii nyumba. Utakuja Kasikeu wakati wowote unataka. Lakini ni wa hapa."

Nikamwambia usiende. Nilisema kwa aibu, nikitazama mlango. Alinivuta akaninusa kichwani kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akaendelea kukata mboga. Susu amesikia yote kupitia mabati. Siku nzima amekuwa akiongea na mbuzi wake kwa sauti ya juu, akiwaambia kwamba kwa Muthama hakuna nafasi ya mbuzi mwingine.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Nimechoka na kila mtu pamoja na mimi.

Ijumaa, 21 Novemba

Mama ameosha kila chombo jikoni, hata sufuria ya karamu iliyokuwa na masizi tangu Krismasi iliyopita. Hajafunga nguo hata moja.

Jumamosi, 22 Novemba

Mjomba alifika asubuhi, amelowa, na mbuzi mweupe wa kike kwenye kamba. Mzee Mwau, mdogo wake marehemu babu, alikuja kwa niaba ya ukoo na wenzake wawili. Tukaketi sebuleni maana nje ni tope. Kivuva hakuja, si mahali pake. Mbuzi aliingizwa ndani kabisa, akasimama katikati yetu akitafuna ncha ya kitambaa cha meza.

Mjomba alisema maneno yanayosemwa: dada yao amechoka, hawana ugomvi na nyumba hii, wanarudisha mbuzi. Mzee Mwau akamgeukia Susu amjibu. Nilikuwa najua jibu, sote tulilijua, tumelisikia likiambiwa mbuzi wiki nzima.

Susu akasema, "Mnaniuliza mimi? Mimi sikuoa. Mimi nilimwolea mwanangu. Mwenye mke ni Muthama, aulizwe yeye."

Mzee Mwau akakohoa. "Kavindu, siku zote unamsemea wewe."

"Leo simsemei. Nikimsemea nitasema rudisheni hiyo mbuzi, halafu mtasema ni wivu ya mama mkwe. Na mtakuwa hamjakosea." Akanionyesha kwa kidevu. "Yuko na mtoto. Huyo aseme."

Wazee walinong'onezana kwa muda. Mmoja alisema ni msichana. Mzee Mwau akasema hata msichana ni wa nyumba, na hakuna mwingine. Kisha akaketi vizuri, akanitazama, na hakuniita Nthenya.

"Muthama," akasema, "umeletewa mbuzi. Unasema nini?"

Sikutaka Mama aende. Nilitaka aendelee kuosha sufuria zile kwa miaka mingine mingi nami nikimkasirikia. Neno la kumzuia lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikajaribu kufikiri Muthama angesema nini. Nikatafuta na kutafuta, na yote niliyoyajua juu yake ni yale ambayo hajafanya. Hakuwa na sentensi hata moja yake mwenyewe. Nikamtazama Mama. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, leso mpya imekunjwa vizuri, na hakuniomba chochote, hata kwa macho.

Nikasema, "Nimempokea."

Mzee Mwau akasema nirudie, kwa sauti.

"Nimempokea mbuzi. Mwacheni aende. Hajanikosea, na mimi nashukuru alivyokaa."

Ilikuwa sauti yangu ya kila siku, yenye mafua kidogo. Mjomba akaninyooshea kamba nikaishika. Mama alijifunika uso kwa leso, na mmoja wa wazee akatoka nje ghafla akisema anaangalia mvua. Mbuzi aliendelea na kitambaa cha meza. Nilikuwa nimeshika kamba bila kujua niifunge wapi wala mimi ni nani pale nilipokaa, na niliogopa kumgeukia Susu.

Yeye ndiye aliyenigeukia. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, polepole, paji la uso, kisha macho, kisha mdomo. Nilidhani atanilaani.

"Muthama," akasema. "Umekula?"

Nikasema, "Bado, Mama."

Akainuka kwa kushikilia goti, akaenda jikoni kunipakulia.